JUU YA MATUMIZI YA NYUMBANI

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kamere)



Kamati ilipotuagiza tuseme maneno machache juu ya matumizi ya nyumbani tuliona haya kidogo. Katika mkutano huu wamo mama waliolea watoto saba kwa mshahara wa kukata maua, na kuwafundisha hao kubana fedha ni kama kumfundisha mvuvi wa ziwa letu kupiga makasia. Basi hatukusimama hapa kufundisha. Tumesimama kueleza yale tuliyoyaona katika madaftari mawili: daftari la Chama, na daftari la nyumba yetu wenyewe.

Tuanze na la Chama. Wazee wetu walikiunda Chama hiki kwa ajili ya kuzikana na kusaidiana katika ugonjwa. Wengi wetu tulitoka mbali, Nyanza na Magharibi, Kisii, Ukambani na Mkoa wa Kati, tukaja kutafuta kazi katika mashamba ya maua yanayolizunguka Ziwa Naivasha. Wazee waliona haifai mtu afe ugenini akakosa wa kumrudisha kwao. Hilo ni jambo jema, nalo lingali jema. Lakini mwaka huu, tulipoyapanga maombi yaliyofika mezani petu, tuliona ya kwamba maombi ya matanga na hospitali yalikuwa machache kuliko maombi ya jikoni. Huyu aliomba fedha za unga, yule za makaa, mwingine za kodi ya chumba. Na walioomba hawakuwa wavivu wala walevi. Ni watu wa kazi, na mshahara wao huingia kila mwezi. Basi yatupasa kuuliza: kwa nini mtu apokeaye mshahara mwisho wa mwezi akose unga ifikapo tarehe 12?

Jibu hatukulipata katika daftari la Chama. Tulilipata nyumbani.

Wanachama, sisi pia tulikuwa miongoni mwao. Siku moja mtoto wetu alirudishwa nyumbani kwa kuwa fedha za chakula cha shuleni hazijalipwa. Tukatia mkono mfukoni, hamna kitu, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Tulipotafuta wa kulaumu, mama watoto akatuambia kwa upole, “Baba watoto, kalamu yako huandika fedha za watu wote isipokuwa zetu.” Neno hilo lilituchoma, maana lilikuwa kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari, na karani mzima tulikuwa tunaishi bila habari za nyumba yetu. Kesho yake tulinunua daftari la kurasa 96, tukalifunga kwa uzi karibu na jiko. Kwa muda wa mwezi mzima kila shilingi iliyotoka iliandikwa, na hata mtoto aliyetumwa chumvi aliandika mwenyewe.

Mwezi ulipokwisha tulitazamia kuona anasa fulani tuipige marufuku. Hatukuiona. Hapakuwa na soda, wala nyama ya kila siku. Tulichokiona ni mstari huu, umerudiwa jioni baada ya jioni: mafuta ya kupikia, shilingi 20. Basi jioni moja tulikipima kile kipimo cha shilingi 20 kwa kikombe kidogo kilichokuja na dawa ya mtoto ya kikohozi. Yalikuwa mililita 50. Ndugu zangu, fanyeni hesabu pamoja nasi. Lita moja ina vipimo 20 vya namna hiyo, na 20 mara 20 ni shilingi 400. Na katika duka lilo hilo, kwenye rafu iliyo juu ya kichwa cha mwenye duka, lita moja iliyofungwa ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi 320. Tulikuwa tukilipa shilingi 80 zaidi kwa kila lita, si kwa kupenda mafuta mazuri, bali kwa kutokuwa na shilingi 320 kwa wakati mmoja.

Tukafungua kurasa nyingine, tukaona jambo lilo hilo katika sukari, katika majani ya chai, katika sabuni ya kipande, na zaidi ya yote katika makaa ya kopo. Twasema siku zote ya kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini daftari lilituonyesha ya kwamba haba na haba huweza pia kukimwaga kibaba, na mwenyewe asisikie hata mlio wa punje.

Hapa twataka tueleweke vizuri. Hatusemi ya kwamba mwenye duka ni mwizi. Yeye hununua mtungi, hupimapima, humwagikiwa, na huwakopesha watu ambao wengine huhama usiku. Wala hatusemi ya kwamba mama anayenunua mafuta ya shilingi 20 ni mjinga. Mwenye shilingi 20 jioni, na watoto wanaolia njaa, atanunua ya shilingi 20. Neno letu ni hili: mtu wa kipato kidogo haumizwi sana na vile anavyonunua, huumizwa na namna anavyovinunua. Hununua kwa kuchelewa, hununua kidogo kidogo, na hununua kwa deni. Dawa ya jambo hili haiwezi kuwa kula kidogo zaidi, kwa maana wengi wetu twala kidogo tayari.

Tumetaja deni. Lipo deni la duka na deni la simu, nayo si sawa. Deni la duka halionyeshi riba, na kwa hiyo hupendeza. Lakini mwenye deni hachagui. Hawezi kuuliza bei, kwa kuwa amesimama pale kama mtu aliyesamehewa. Hawezi kwenda duka la pili kutazama kama unga umeshuka, na daftari la deni lake huandikwa na mkono mmoja tu. Twawasihi wanachama: kama huna budi kukopa dukani, uwe na kijitabu chako, na kila siku vijitabu viwili visomwe pamoja. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika, atafurahi.

Deni la simu ni jingine. Fedha za simu zilipoanza katika nchi yetu, mwezi wa Machi 2007, zilitusaidia sana sisi tulio mbali na kwetu, maana mtu aliweza kumtumia mamaye fedha bila kumtegemea dereva wa basi. Kisha ikaja mikopo. M-Shwari ilipoanzishwa mwezi wa Novemba 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Mtu husikia saba na nusu akaona ni kidogo. Lakini mtu akikopa shilingi 1,000 kwa ada ya namna hiyo, akalipa mwisho wa mwezi na kukopa tena kesho yake kwa sababu mshahara umekwisha, kila mwezi atatoa 75. Kwa miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 900, na ile elfu moja angali anaihitaji. Amenunua elfu yake mwenyewe kwa bei ya mia tisa. Wahenga hawakuwa na simu, lakini waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wametuona.

Sasa tuseme machache juu ya yale ambayo kila nyumba yaweza kufanya peke yake.

La kwanza ni moto. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018, bei ya makaa ilipanda, nasi sote tuliionja. Jiko lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, kwa kuwa udongo hulishika joto lisipotee ubavuni. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa tangu usiku huiva mapema. Sufuria ifunikwe. Na chakula kikishachemka vizuri, sufuria yaweza kutiwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa au nyuzi za sufi, kikamalizika kuiva bila moto. Mambo haya ni madogo, lakini hurudi kila siku ya Mungu.

La pili ni siku ya mshahara. Nyumbani kwetu twanunua siku hiyo vitu vitano tu vya mwezi mzima: mafuta, sukari, chumvi, sabuni na unga, kabla ya shilingi moja kwenda kwingine. Mwezi wa kwanza hatukuweza vyote vitano. Tuliweza chumvi na sabuni. Mwezi wa pili tuliongeza sukari. Ilituchukua miezi mitano kuifikia lita ya mafuta, na hatuoni aibu kulisema.

La tatu ni la kuonya. Kuna kubana kusikookoa kitu. Anayeteka maji ya ziwani akayanywa bila kuyachemsha, kwa kuwa ni ya bure, atayalipia katika zahanati. Na katika Bonde la Ufa liko jambo jingine: maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, ambayo huwatia watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huidhuru mifupa. Kuyachemsha hakuiondoi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilijulikana kwa kutengeneza machujio yanayotumia mifupa ya ng’ombe iliyochomwa ili kuyasafisha maji ya namna hiyo. Mtu asiinyime nyumba yake maji mema ili apate kusema ameweka akiba. Vivyo hivyo chakula cha mtoto shuleni, na dawa aliyoandikiwa mgonjwa: dozi iliyokatwa nusu ni hasara kamili.

Bwana Mwenyekiti, sasa twafika kwenye jambo lenyewe tulilotumwa. Kila nyumba ikifanya hayo yote, bado litabaki tumizi moja kubwa ambalo nyumba peke yake haliwezi, nalo ni mahindi.

Wataalamu hukadiria ya kwamba Mkenya mmoja hula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Nyumba ya watu wanne, basi, ni magunia manne. Katika nchi za Trans Nzoia na Uasin Gishu mavuno huanguka kati ya Oktoba na Desemba, na bei hushuka. Ifikapo Mei, Juni na Julai ghala za wakulima ni tupu, na bei hupanda. Sisi huku Kamere hula mahindi ya Desemba kwa bei ya Juni, gorogoro baada ya gorogoro. Gunia lina kilo 90, na gorogoro ni karibu kilo 2. Basi gunia ni gorogoro 45. Tuseme kwa mfano gunia ni shilingi 3,000 wakati wa mavuno, na gorogoro ni shilingi 120 mwezi wa Juni. Gorogoro 45 ni shilingi 5,400. Toa nauli ya lori na gharama ya gunia jema la kuhifadhia, tuseme shilingi 500, na bado nyumba imeokoa shilingi 1,900 kwa gunia moja. Bei zitabadilika, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo. Mwezi wa Mei 2017 serikali ilishusha unga wa kilo 2 hadi shilingi 90, na mwezi wa Julai 2022 hadi shilingi 100. Tulishukuru. Lakini yote mawili yalikuwa ya muda, nayo yalikwisha. Haifai nyumba ijengwe juu ya nguzo ya muda.

Si sisi wa kwanza kufikiri hivi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa mishahara midogo, waliona ya kwamba maduka yaliwauzia vitu vibaya kwa bei kubwa na kuwafunga kwa madeni. Wakachanga pauni moja moja, wakafungua chumba tarehe 21 Desemba mwaka huo, wakauza siagi, sukari na unga. Walikuwa na kanuni mbili ngumu: kipimo kiwe cha haki, na asikopeshwe mtu. Faida iligawanywa kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Vyama vya ushirika vya ulimwengu mzima humkumbuka baba yao katika chumba kile.

Lakini tuwe wakweli, kwa maana ndugu zetu wa jirani wametuachia funzo jingine. Tanzania, mwaka 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe ili maduka ya ushirika yachukue mahali pake. Bidhaa zikaadimika, na muda mfupi baadaye amri ikasitishwa. Twajifunza hivi: jambo la namna hii haliletwi kwa amri, wala kwa kumchukia mwenye duka. Lianze na wanaotaka, na lianze na kitu kimoja.

Tena kuna hatari ya ghala. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mahindi yale yalihifadhiwa yakiwa hayajakauka. Kwa hiyo mahindi yetu yapimwe unyevu kabla ya kulipwa, usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao mbali na ukuta na sakafu, na yatiwe katika magunia yasiyopitisha hewa, ambayo fukusi hufa ndani yake bila dawa. Mahindi yenye ukungu hayaliwi wala hayasagwi kwa sababu ya huruma ya fedha. Hutupwa.

Twajua ya kwamba wazee wetu wana hofu. Mzee mmoja alituambia katika kamati, “Fedha za mazishi zikianza kununua unga, siku moja maiti atakosa sanda.” Tulilala na neno hilo siku nyingi. Mzee amesema kweli, na kwa heshima yake pendekezo lote limebadilishwa. Sasa ni hivi:

1. Fedha za matanga na ugonjwa hazitaguswa kamwe, hata kwa siku moja.

2. Nyumba itakayo kwa hiari itaweka shilingi 350 kila mwezi, kuanzia Februari hadi Oktoba. Kwa miezi tisa ni shilingi 3,150. Asiyeweza, nusu yake, naye atashirikiana gunia na mwenziwe.

3. Fedha hizo zitakuwa na akaunti yake benki na daftari lake, na hazitatoka bila sahihi tatu, moja ikiwa ya mzee na moja ya mama.

4. Wazee wawili watakwenda pamoja na wanunuzi, watashuhudia mizani, na risiti zitasomwa kwa sauti mbele ya mkutano.

5. Hapana gunia litakalokopeshwa kwa mtu, wala kwa karani.

6. Anayehama au kufiwa atarudishiwa alichoweka, pasipo maswali.

Labda mtu atauliza, kwa nini tuhangaike, na mshahara upo? Tumkumbushe mwezi wa Machi 2020. Ugonjwa wa Korona ulifunga masoko ya Ulaya, maua yakatupwa kama majani, na wafanyakazi wengi wakaambiwa wakae nyumbani bila malipo. Mwaka huohuo maji ya ziwa yakapanda, yakawahamisha watu waliokaa karibu na ufuko. Siku zile hakuna duka lililoweza kukopesha Kamere yote. Aliyekuwa na gunia moja pembeni mwa kitanda alilala, na aliyekuwa na simu yenye deni hakulala. Maua yetu huenda mbali, na waridi likikosa mnunuzi Uholanzi, ni sufuria ya Kamere inayokaa bila kitu. Hatuwezi kuiamuru Uholanzi, lakini gunia twaweza.

Tumalize kwa yule mtoto aliyerudishwa. Muhula uliofuata tulimlipia fedha za chakula kabla ya shule kufunguliwa. Mshahara haukuongezwa hata shilingi moja. Ni zile themanini za mafuta, na wenzake wa mafuta, waliolipa. Daftari lingali limefungwa kwa uzi pale jikoni, na sasa yeye mwenyewe ndiye karani wake. Baba yake akinunua gazeti, huandikwa.

Wazee wetu, ninyi ndio mlioanza kwa kuchangiana jeneza, mkatufundisha ya kwamba mtu si wa kutupwa akifa. Twawaomba mtubariki tuanze kuchangiana gunia, ili mtu asitupwe akiwa hai. Pendekezo liko mbele yenu. Wanaolitaka wainue mikono, na wanaolikataa watuambie kasoro yake ili tuirekebishe.

Akiba haiozi.